Mombasa huenda na maji

Mgeni anayefuata saa za mji huu hataondoka na picha za ufukweni peke yake.

Kila msimu wa likizo jambo hili hutokea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Bamburi, ambapo wengi hupaita Pirates. Familia imeshuka garini baada ya safari ya usiku kucha kutoka bara. Watoto hawajanywa hata chai. Wanaukimbilia mchanga wakiwa na nguo za kuogelea walizozivaa tangu Mtito Andei. Wanafika, na bahari haipo. Kuna mchanga mtupu, vidimbwi na mwani uliolala, na mbali kabisa unaonekana mstari mweupe wa mawimbi yanayopiga mwamba. Baba anasimama mikono kiunoni, kama mtu aliyekata tikiti ya gari lililokwisha kuondoka.

Hakuna aliyemdanganya. Maji yamekupwa tu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Mombasa hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kati ya kupwa na kujaa, kina hutofautiana kwa mita tatu na zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, na tofauti huwa ndogo. Mvuvi anayajua haya bila kutazama saa. Muuza madafu anayajua. Mgeni ndiye asiyeambiwa.

Nimewapokea wageni wengi katika mji huu: binamu, wafanyakazi wenzangu, marafiki wa marafiki. Wengi walikuwa wameshakuja mara tatu au nne. Nikiwauliza waliona nini, huniambia bahari, ngamia na chakula cha hoteli. Hawajapita Ndia Kuu ya Mji wa Kale. Hawajanywa kahawa chungu. Wamelala siku nne karibu na matumbawe na hawakuyaona. Makala haya ni yao, na ya kila anayepanga kuja. Neno langu ni moja: Mombasa ina saa zake, za maji, za jua na za adhana, na anayezifuata hufunguliwa mji.

Alfajiri: Ndia Kuu kabla ya jua

Amka mapema. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, mawe ya Mji wa Kale huwa yameshika moto kufikia saa tano asubuhi, na kutembea kunakuwa adhabu. Lakini saa kumi na mbili na nusu umande bado unavuma kutoka bara, kivuli kimejaa vichochoroni, na mji uko macho. Waliosali alfajiri wametoka misikitini. Muuza kahawa ameketi barazani na dele lake juu ya makaa. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi, na hunywewa kwa kikombe kidogo kisicho na mkono. Utamu hautiwi ndani. Hutafutwa kwenye kashata au haluwa iliyo kando. Hatua chache mbele mafuta yanachemka. Hamri zuri hufura likawa wazi ndani na kunukia iliki, na haliliwi peke yake. Mwenzake ni mbaazi za tui la nazi.

Ukishashiba, shika Ndia Kuu. Jina lenyewe ni somo la lugha. Kimvita, lahaja ya kisiwa hiki, husema ndia pale Kiswahili sanifu kinaposema njia. Ni lahaja aliyotungia Muyaka bin Haji, malenga wa mwanzo wa karne ya 19, aliyeyatoa mashairi katika mambo ya dini peke yake na kuyaleta barazani, sokoni na vitani. Unapopita hapa na kuwasikia wazee wakijibizana kwa mafumbo, ujue unasikia desturi iliyomtangulia hata Muyaka mwenyewe.

Tembea taratibu na utazame juu. Roshani za mbao zimejitokeza juu ya njia, na chini yake kuna milango iliyochongwa maua, minyororo na maandishi. Zamani mlango ulisema nyumba ni ya nani kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe unaochongoka, unaelezwa kuwa umesimama tangu mwaka 1570. Mbele kidogo ni Nyumba ya Leven, iliyochukua jina la manowari ya Kiingereza iliyofika hapa mwaka 1824. Karibu nayo ngazi zinateremka kuelekea majini, penye kisima cha maji baridi ambapo mabaharia waliteka maji yao. Ukifika Bandari ya Kale utaona chache zilizobaki kati ya zile jahazi zilizokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba zikiwa na tende, mazulia na samaki wakavu, zikarejea na kusi zimebeba boriti za mikoko.

Huu si mji uliojengwa kwa ajili ya watalii. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 alikuta watu wakila ndizi na samaki, wakisali katika misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na wakiosha miguu kabla ya kuingia. Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Hata hivyo watu bado wanaishi humo: wanaanika nguo, wanalea watoto, wanazika wafu wao. Kwa hiyo unatembea katika kibaraza cha mtu. Salimu. Sabalkheri yako ya asubuhi itajibiwa, na mara nyingi itafuatwa na swali la unakotoka.

Saa tatu: Ngomeni

Ndia Kuu inaishia penye kuta kubwa za rangi ya udongo. Hii ni Ngome ya Yesu. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka angani inafanana na mtu aliyelala chali. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni vizuri kuingia mapema, kabla ya mabasi ya wanafunzi na watalii kufika.

Wengi huingia, hupiga picha na mizinga, wakatoka. Kaa. Ngome hii ni kitabu chenye kurasa nyingi. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa Jerónimo Chingulia, aliwageuka waliomlea. Alimuua kapteni, akaitwaa ngome, na Wareno walipoleta jeshi kuirudisha walishindwa. Hatimaye aliiacha mwenyewe na kuondoka kwa njia ya bahari.

Ukurasa mwingine ni wa mazingirwa makuu. Majeshi ya Oman yaliizunguka ngome mwezi Machi 1696, na hayakuingia hadi Desemba 1698. Miezi 33 watu walikaa humu ndani, Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao. Njaa na maradhi viliwamaliza wengi kuliko upanga. Meli ya Santo Antonio de Tanna ilitumwa kuwaokoa ikazama mwaka 1697 chini ya kuta hizi hizi. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia mwaka 1977, na baadhi ya vitu vilivyotoka humo viko kwenye makumbusho ndani ya ngome. Simama mbele ya kabati la vioo, kisha toka nje na utazame majini ilipozama meli hiyo. Umbali ni wa kutupa jiwe.

Usiondoke kabla ya kuona ukuta wenye michoro ya merikebu waliyochora askari wa Kireno, wala Nyumba ya Omani iliyo juu ya buruji. Kumbuka pia kwamba kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya ngome hii jela. Kuta zilizojengwa kuwazuia wa nje zikatumika kuwafunga wa ndani.

Ukitoka, pinda kuelekea Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya leso. Kwingine huitwa kanga. Mombasa ni leso. Huuzwa mbili kwa pamoja, zikakatwa na kupindwa nyumbani. Kila moja ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Mwenye kununua kwa rangi peke yake amenunua nusu. Muombe muuzaji akusomee majina na akueleze lipi ni la kumpa mama, lipi la mke mwenza, na lipi ukimpa rafiki mtagombana. Hilo ni darasa la Kiswahili lisilo na ada.

Maji yakipwa: bustani iliyo chini ya bahari

Sasa turudi kwa yule baba wa Pirates. Bahari ikijivuta, yeye anaona hasara. Nahodha wa boti yenye kioo chini anaona kazi imeanza.

Mbele ya fukwe za Nyali na Bamburi, ndani ya mwamba ule unaopigwa na mawimbi, ipo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS. Maji yakiwa machache ndipo matumbawe yanapokaribia macho. Unavaa miwani ya kuzamia, unaweka uso majini, na papo hapo upo katika mji mwingine. Kuna samaki wa manjano wenye milia, pono wanaotafuna mwamba kwa midomo kama ya kasuku, viti vya pweza vyekundu vilivyotulia mchangani, na nyasi za bahari zinazoyumba kama shamba la mpunga. Asiyejua kuogelea haachwi nyuma, kwa kuwa kioo kilicho chini ya boti kimewekwa kwa ajili yake.

Mambo matatu ayashike kila mgeni. Kwanza, msimu. Bahari hutulia na kuwa angavu kuanzia Oktoba hadi Machi. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, maji huchafuka na mwani hulala ufukweni. Wakati huo hewa ni ya baridi kidogo, na ndio wa kutembea nchi kavu. Pili, miguu. Tumbawe ni kiumbe hai kinachokua polepole mno, na unyayo mmoja huvunja kilichojengwa kwa miaka mingi. Usikanyage, usishike, usiondoke na kombe wala kiti cha pweza, na usinunue kutoka kwa aliyeviokota. Tatu, takataka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, fukwe na misitu inayolindwa. Njoo na chupa yako ya maji.

Na ikiwa maji yanajaa? Hapo ndipo wakati wa kuogelea. Jioni ya bamvua, Pirates hufurika watoto wenye maboya meusi ya matairi, wasichana wa Kiislamu wakiogelea na mabuibui yao, vijana wa mpira na wazee waliokunja suruali. Ufuo huu ni wa umma, na ni mojawapo ya mahali pachache ambapo Wamombasa wote, tajiri na maskini, hukutana wakiwa wamelowa.

Adhuhuri: kivuli kilichopandwa

Jua likiwa utosini, mwenye akili hutafuta mti. Huko huko Bamburi kuna msitu ambao haukuwepo. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya chokaa hapa mwaka 1954, na miaka ilivyopita likabaki shimo kubwa jeupe, lenye joto na maji ya chumvi, lisilo na udongo wala jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti. Mingi ilikufa. Mvinje ulishika, kwa kuwa huvumilia chumvi na mizizi yake hujitafutia mbolea kutoka hewani.

Tatizo likawa majani yake: makavu, magumu, yasiyooza. Jibu lilikuwa jongoo. Jongoo wenye miguu myekundu waliletwa, wakayala majani, na kinyesi chao kikawa udongo. Udongo ukaita miti mingine, miti ikaita ndege, na leo Haller Park ina twiga, viboko, nyati na vidimbwi vya samaki. Hapa ndipo alipoletwa Owen, kiboko mtoto aliyepoteza mama wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania Mzee, kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, kana kwamba ndiye aliyemzaa. Dunia nzima ilizisoma habari zao. Mimi nikiwapeleka watoto pale huwaonyesha jongoo kwanza, kwani bila yeye Owen asingekuwa na pa kulala.

Mkirudi kisiwani kupitia daraja la Nyali, simameni Kengeleni. Maelfu hulitamka jina hili kila siku kwenye matatu bila kujua lilikotoka. Mwaka 1875 wamishonari Waanglikana walianzisha hapa kijiji cha watumwa waliokombolewa, wakakiita Frere Town. Kengele ilitundikwa iwaonye wanakijiji pindi majahazi ya wauza watumwa yanapoonekana. Kengele hiyo bado ipo, kando ya barabara, katikati ya honi na vumbi. Hakuna ada ya kuiona. Inataka dakika tano za kusimama kimya.

Jioni: Mama Ngina na mji unaotoka kupunga upepo

Kuanzia saa kumi na moja jioni, Wamombasa hufanya jambo ambalo miji mingi imesahau: hutoka nje bila shughuli. Hutoka kupunga upepo. Mahali pao ni bustani ya Mama Ngina, kusini mwa kisiwa, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019. Mibuyu ya zamani imesimama juu ya jabali, bahari iko chini, na hapo mbele ndipo mlango wa bandari ya Kilindini. Meli za makontena hupita karibu kiasi kwamba unaweza kusoma jina ubavuni na kuwaona mabaharia sitahani.

Agiza dafu. Ukishayanywa maji, mpe muuzaji alipasue upate nyama yake, na kijiko atakukatia kutoka kwenye ganda lenyewe. Agiza kachiri za muhogo zilizotiwa pilipili na ndimu, zikiwa moto kwenye karatasi. Kisha nenda Mji wa Kale magharibi ikishapita, kwa kuwa jiko la Mombasa liko njiani na huwashwa usiku. Viazi karai vilivyovikwa unga wa manjano huliwa na ukwaju. Mishkaki hugeuzwa juu ya makaa huku moshi ukikuita kutoka kona ya pili. Kuna mkate wa mofa, mkate wa sinia, kaimati zilizomwagiwa shira, na pweza kwa wanaomjua. Biriani na pilau ni za mchana, hasa Ijumaa. Ukialikwa nyumbani kwa chakula hicho, usikatae, na usile haraka.

Mwezi wa Ramadhani saa hugeuka. Mchana mji hutulia na hoteli nyingi ndogo hufungwa. Mgeni ambaye hafungi ale kwa staha, ndani. Lakini adhana ya magharibi ikilia, hakuna usiku wa Mombasa unaoshinda huo kwa vyakula na watu njiani. Sikukuu ikifika, uwanja wa Makadara hujaa watoto wenye nguo mpya, bembea na vitafunio. Mgeni asiye Mwislamu naye hukaribishwa.

Muziki wa mji huu haukai sana kwenye kumbi. Taarabu ya Mombasa, iliyobebwa na sauti za kina Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh, ilikulia arusini, na arusini bado ndipo inapopumua. Chakacha ni ngoma ya wanawake, na mwanamke mgeni akialikwa ukumbini ataona furaha ambayo kamera hairuhusiwi kuichukua. Ng'ambo ya daraja kuna bango, muziki wa saksafoni wenye mwendo wa polepole unaohusishwa na Mzee Joseph Ngala. Muulize mwenyeji wako usiku gani unapigwa na wapi, kwani habari hizi hupita kwa mdomo.

Siku ya pili: nje ya kisiwa

Mwenye siku mbili asiimalizie ya pili kisiwani. Kaskazini, ukishapita mji wa Mtwapa, yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zilikuwa na visima na vyoo vya ndani, na misikiti yake minne bado inasomeka kwa kuta zilizobaki. Mmoja uko ukingoni mwa bahari, na ukisimama penye mihrabu unasikia mawimbi nyuma ya ukuta. Nenda asubuhi, umuombe mhifadhi akutembeze. Magofu bila mwenye kuyasimulia ni mawe tu.

Kusini unavuka kwa feri ya Likoni. Mtembea kwa miguu halipi, na hata kama una gari, siku moja liache uvuke na watu: wafanyakazi, wanafunzi, mikokoteni ya mboga, kuku. Ng'ambo, kwenye pwani ya Diani, ipo Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wa Kidigo huruhusu wageni waingie na mwongozaji, kwa masharti. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni. Huokoti kitu, hata jani. Huonyeshi mahaba. Msitu huu umesimama kwa sababu watu waliheshimu masharti hayo vizazi na vizazi, wakati misitu iliyouzunguka ikikatwa kwa mashamba na hoteli.

Mbele zaidi ni Gazi. Wanawake wa kijiji hiki walijenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Mwongozaji atakufundisha kutofautisha mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza mizizi kama penseli, mlilana ulio karibu zaidi na maji, na mkandaa uliotumika kutia rangi ngozi. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, kijiji huuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hii, na fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu shuleni. Baada ya matembezi utapikiwa wali wa nazi na samaki. Hicho ni chakula ambacho pesa yake unaiona inakoingia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi methali hii husomwa kwa upande wa mgeni: mkaribishe. Mimi naisoma kwa upande wa pili, kwa sababu ina deni ndani yake. Kuja kwa mgeni kunapaswa kumponya mwenyeji. Mgeni akilipia kila kitu kabla ya kufika, akala na kulala ndani ya ukuta mmoja na kupelekwa kwa basi la hoteli, mwenyeji aliye nje ya ukuta anapona vipi?

Kwa hiyo naomba haya, na hayataki utajiri. Kunywa kahawa barazani. Nunua hamri kwa mama aliyeamka saa tisa usiku kulikanda. Tumia mwongozaji aliyesajiliwa, patana naye kabla ya kuondoka, kisha umlipe kikamilifu bila kumnyang'anya shilingi mia mwishoni. Kwenye tuktuk na boti vilevile, bei ijulikane kwanza, na mkishaelewana msirudi nyuma. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na akikataa mshukuru. Vazi la ufukweni libaki ufukweni. Katika Mji wa Kale funika mabega na magoti, na leso uliyoinunua asubuhi itakufaa. Ijumaa mchana zipishe njia za misikitini. Msikitini, hekaluni au kanisani, uliza kabla ya kuingia. Hayo yote ni hodi, na hodi haijawahi kumfilisi mtu.

Kwa wasimamizi wa mji nina ombi moja. Bandikeni ratiba ya maji katika kila ufuo wa umma na katika kila kituo ambapo wageni hushukia, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa. Ni jambo la gharama ndogo, na lingewaokoa hata watoto wanaokwenda mbali mwambani bila kujua kwamba maji yanarudi.

Nawe msomaji unayepanga safari, kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza mwezi uko siku ya ngapi. Ukishajua maji yanapwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi, siku yako nzima ya Mombasa itajipanga yenyewe. Karibu.